Sura ya Sita: Kumpisha Mwenzako

Mwanzoni mwa Septemba 1965, kwenye shamba la farasi karibu na mji mdogo wa Fincastle, jimboni Virginia, mwandaaji wa maonyesho aliyeitwa Carlton Haney alikusanya bendi za bluegrass na kuzipa jukwaa siku tatu mfululizo. Mpaka wakati huo muziki huo ulikuwa ukipata nafasi za kudokoa: nyimbo tatu nne katikati ya wasanii wakubwa wa kantri, dakika chache redioni alfajiri, jioni moja kwenye ukumbi wa shule. Haney aliamini unastahili kusimama peke yake. Waliojitokeza hawakuwa wengi, lakini waliona jambo ambalo wapenzi wa muziki huu wanasimuliana hadi leo.

Siku ya mwisho Haney alimsimamisha Bill Monroe katikati ya jukwaa, akaanza kuuhadithia umati historia ya muziki wake kipindi kwa kipindi. Hadithi ilipofikia miaka ya mtu fulani, mtu huyo alipanda, akasimama pale alipokuwa akisimama zamani, na wimbo wa enzi yake ukapigwa. Alipanda Mac Wiseman. Akapanda Don Reno. Wakapanda Jimmy Martin na Carter Stanley. Wote hao waliwahi kuwa vijana wa Monroe, wote walimwacha, na wote waliongoza bendi zao na kugombea naye wasikilizaji wale wale.

Monroe hakuwa mwepesi wa kusamehe. Machoni pake, aliyepiga kwa mtindo wake nje ya bendi yake alikuwa amechukua mali ya nyumba. Kampuni ya rekodi ya Columbia ilipowachukua ndugu wawili wa Stanley, Carter na Ralph, alikasirika hadi akaihama na kwenda Decca. Sasa Carter alikuwa bega kwa bega naye, wakiimba pamoja mbele ya watu, na mzee akampisha kwenye maikrofoni.

Sura hii inawahusu wasanii wa matamasha ya bluegrass na muziki wa asili wa Marekani, nami nina hoja moja ya kuitetea. Katika muziki huu ukubwa wa msanii hupimwa kwa namna anavyompisha mwenzake. Ndivyo ilivyo ndani ya wimbo mmoja, ndivyo ilivyo kati ya mzee na kijana, na pale muziki huu ulipoyumba, uliyumba kwa sababu kuna watu waliozuiwa kupita.

Watu watano, maikrofoni moja

Bill Monroe alizaliwa mwaka 1911 huko Rosine, Kentucky, mtoto wa mwisho katika familia ya wapiga ala. Ndugu zake wakubwa walishachukua fidla na gitaa, yeye akaachiwa mandolini. Mwaka 1939 aliingia Grand Ole Opry, kipindi cha redio cha Jumamosi usiku kutoka Nashville kilichosikika sehemu kubwa ya nchi. Bendi yake aliiita Blue Grass Boys, kwa heshima ya Kentucky kwao, na jina la bendi likaja kuwa jina la muziki wenyewe.

Sauti tunayoitambua leo ilikamilika Desemba 1945, alipojiunga kijana wa miaka 21 kutoka North Carolina aliyeitwa Earl Scruggs. Banjo yake ndiyo iliyowafanya watu wa Nashville wasogee karibu na redio. Vidole vitatu vya mkono wa kulia vilivaa kucha za bandia, ya plastiki kwenye gumba na za chuma kwenye viwili vingine. Vilichapa nyuzi kwa kupokezana bila kusimama: mapigo nane katika kipimo kimoja, yaliyogawanywa matatu, matatu, kisha mawili. Sikio linategemea mkazo uangukie mahali pamoja kila mara, nao unahama. Hapo ndipo msikilizaji anapojikuta anatikisa mguu bila kujijua.

Bendi kamili ina ala tano, na ngoma haimo. Besi kubwa inashika mapigo ya chini. Mandolini, isipokuwa na zamu yake, inachapwa na kuzimwa papo hapo kwenye pigo la pili na la nne, ikifanya kazi ambayo kwingineko hufanywa na ngoma. Gitaa linajaza katikati. Fidla na banjo zinapokezana kupamba. Atakayetoka kwenye taarab ya Unguja atazikuta fidla, besi na hata mandolini alizozizoea, lakini mwendo ni wa kasi kali na waimbaji wanapanda juu kabisa ya koo.

Ufundi wenyewe unaonekana vizuri kwa bendi zinazotumia maikrofoni moja, kama Del McCoury alivyozoea kufanya na wanawe, Ronnie na Rob. Mwimbaji anasimama mbele na gitaa lake. Ubeti ukiisha anarudi nyuma nusu hatua huku akiinua mpini wa gitaa usimpige aliye kando. Mpiga banjo anaingia kwa bega, akiielekeza ngozi ya banjo kwenye maikrofoni, anapiga duru yake. Kabla duru haijaisha, mpiga fidla ameshaanza kusogea kutoka upande wa pili, upinde ukiwa umeshushwa, maana anahitaji nafasi ya mkono mzima na hawezi kuja na kasi ya kusukuma watu. Kiitikio kikifika, vichwa vitatu vinakutana mbele ya chuma kimoja, karibu nywele zigusane, na kila mmoja anajipima: mwenye sauti nene anarudi kidogo, mwenye sauti nyembamba anasogea.

Hapo fundi mitambo hawezi kumwokoa mtu. Anayesikika sana amekaa karibu mno, asiyesikika amechelewa kuingia. Mpigaji hodari asiyejua kuondoka anaharibu wimbo wa wote, kwa hiyo kijana anayetaka kuingia bendi hujifunza kurudi nyuma mapema kama anavyojifunza nyuzi.

Monroe mwenyewe alikuwa na mtu mmoja ambaye hakuweza kumpisha kwa miaka mingi. Mwaka 1948 Earl Scruggs na mwimbaji Lester Flatt walitoka kwenye bendi na kuanzisha yao, wakapata umaarufu uliompita bwana wao wa zamani. Fincastle hawakuwepo. Flatt na Monroe walikaa zaidi ya miaka 20 bila kuzungumza. Walipeana mikono mwaka 1971 huko Bean Blossom, Indiana, kwenye tamasha la Monroe mwenyewe, mbele ya watu waliojua kabisa wanachokiona. Ugomvi ule ulijengwa na biashara ya rekodi na redio, ukamalizwa mahali ambapo wanamuziki wanalazimika kukaa pamoja siku kadhaa, kula meza moja, na kusikia mwenzao akipigiwa makofi.

Doc Watson na jina la mwanawe

Tamasha ambalo ningependa kila msomaji alijue ni MerleFest, linalofanyika mwishoni mwa Aprili kwenye chuo cha jamii cha Wilkes, mjini Wilkesboro, North Carolina. Lilianza mwaka 1988, na chanzo chake ni msiba.

Arthel Watson, aliyejulikana na wote kama Doc, alizaliwa mwaka 1923 katika kijiji cha Deep Gap, kwenye milima ya jimbo hilo hilo. Kabla hajafikisha miaka miwili maradhi ya macho yalimpofusha. Baba yake hakumfungia ndani. Alimtengenezea banjo mvulana alipokuwa na miaka 11, na ngozi iliyowambwa ilikuwa ya paka mzee wa bibi yake. Alimpa pia kazi za nyumbani kama watoto wengine, ikiwemo kukata miti kwa msumeno, na Doc alisema baadaye kwamba msumeno ule ndio uliompa imani kuwa anaweza kujitafutia riziki.

Ufundi uliompa jina ulitokana na upungufu wa bendi. Miaka ya 1950 alipiga gitaa la umeme kwenye bendi ya dansi ya mtaani iliyokosa mpiga fidla, na wachezaji walitaka nyimbo za fidla. Doc akazihamishia kwenye gitaa, noti kwa noti, kwa kasi ile ile, akitumia kipande kimoja cha plastiki cha kuchapia nyuzi. Mwaka 1960 mtafiti Ralph Rinzler, aliyekuja milimani kumrekodi mzee Clarence Ashley, akamkuta. Rinzler alimsihi ashike gitaa kavu, na miaka mitatu baadaye Doc alikuwa kwenye tamasha la Newport akiwaacha vijana wa mijini vinywa wazi. Gitaa, ambalo katika bendi za Monroe lilikuwa la kusindikiza, likapata ruhusa ya kuzungumza.

Mwanawe Merle alijifunza gitaa akiwa na miaka 15 baba akiwa safarini. Mama, Rosa Lee, ndiye aliyemwonyesha pa kuweka vidole. Doc aliporudi alimkuta mtoto anapiga, na haukupita muda akamchukua jukwaani. Kwa takriban miaka 20 walisafiri pamoja, Merle akiwa mpigaji mwenza, dereva na macho ya baba yake. Oktoba 1985 trekta lilimpindukia, akafa akiwa na miaka 36.

Chuo kilipomwomba Doc afanye onyesho la kuchangia bustani ya kumbukumbu ya Merle, marafiki walikuja kwa wingi na onyesho likageuka tamasha la kila mwaka. Doc alilipa mwelekeo wake: nyimbo za asili za milimani, pamoja na chochote kingine ambacho wanamuziki wenyewe wanapenda kupiga. Blues, injili, kantri ya zamani, rokabili, vyote vilipata mlango. Jukwaa kubwa lina watu maelfu mbele yake, lakini kuna majukwaa madogo ambako bingwa hukaa kwenye kiti na kuonyesha vidole vyake polepole kwa waliokuja na ala zao. Nje, chini ya miti, wageni wasiojuana wanaunda duara na kuanza kupiga. Aliyeanzisha wimbo anautaja ufunguo wake, unaimbwa ubeti mmoja, kisha zamu inazunguka. Asiyejiamini anatikisa kichwa na zamu inampita bila lawama. Akiwa tayari duru ijayo, nafasi yake ipo.

Doc alikuwa na desturi ya kuutaja mlango wa kila wimbo: huu nilifunzwa na baba mkwe, huu niliusikia kwenye santuri ya fulani. Mji wa Boone ulipomsimamishia sanamu mwaka 2011, aliomba maandishi yake yaseme kwamba alikuwa mtu mmoja tu miongoni mwa watu. Aprili 2012 alipiga MerleFest kwa mara ya mwisho, nyimbo za dini, Jumapili asubuhi. Mwezi mmoja baadaye alifariki akiwa na miaka 89.

Waliofungiwa nje

Hadithi aliyoisimulia Haney pale Fincastle ilikuwa tamu, nayo ilikuwa na pengo. Wote walioitwa kupanda walikuwa Wazungu, na banjo waliyoishika haikuzaliwa kwao.

Banjo ililetwa na Waafrika. Watu waliokamatwa Afrika Magharibi na kuvushwa bahari kwa nguvu walitengeneza huko Karibea ala za kibuyu kilichowambwa ngozi na mpini wa mti. Daktari Hans Sloane aliziona Jamaica mwishoni mwa miaka ya 1680, na picha yake ikachapishwa mwaka 1707. Hadi leo Wajola wa Senegal na Gambia wanapiga akonting, ala ya kibuyu yenye nyuzi tatu, mmoja wao mfupi unaopigwa kwa gumba. Uzi mfupi wa gumba ndio ule ule unaoonekana kwenye banjo ya Marekani, ukianzia katikati ya mpini na kulia juu ya nyingine zote.

Katika karne ya 19 Wazungu waliojipaka masizi usoni waliipandisha ala hiyo majukwaani kuwakejeli Weusi, na Weusi wengi wakaanza kuiona chombo cha fedheha. Miaka ya 1920 kampuni za rekodi zikamaliza kazi: Weusi waliuziwa orodha yao ya santuri, Wazungu wa milimani yao, hata pale ambapo majirani hao walikuwa wakipiga nyimbo zile zile. Mpiga fidla Mweusi hakuwa na orodha ya kumweka, basi hakurekodiwa, na asiyerekodiwa alisahauliwa.

Lakini wanamuziki wenyewe walijua. Monroe alimtaja wazi Arnold Shultz, Mweusi wa Kentucky aliyekuwa fundi wa gitaa na fidla, ambaye alimchukua akiwa kijana kumsindikiza kwenye dansi za usiku. Shultz alikufa mwaka 1931 bila kurekodiwa hata wimbo mmoja. Familia ya Carter, ambayo rekodi zake za mwaka 1927 mjini Bristol zinahesabiwa msingi wa kantri, ilimtegemea Lesley Riddle, mpiga gitaa Mweusi aliyetembea na A. P. Carter kijiji kwa kijiji kukusanya nyimbo. Riddle alikuwa akizishika tuni kichwani, Carter akiandika maneno. Majina haya yalibaki kwenye mazungumzo ya wapigaji bila kufika kwenye mabango ya matamasha.

Mlango ulifunguka Aprili 2005, pale pale Boone, kwenye mkutano wa wapiga banjo Weusi uliofanyika katika chuo kikuu cha Appalachian State. Vijana watatu walikutana huko: Rhiannon Giddens, Dom Flemons na Justin Robinson. Pamoja nao alikuwepo Joe Thompson, mpiga fidla wa Mebane aliyezaliwa mwaka 1918, mmoja wa wazee wa mwisho Weusi waliorithi muziki wa bendi za nyuzi kutoka kwa baba na babu. Vijana wakaanza kwenda kwake Alhamisi jioni. Mzee alishapata kiharusi miaka michache nyuma, lakini alipiga. Hakuwapa somo la kuandika. Alianzisha wimbo, nao wakamfuata hadi ukawaingia.

Kutokana na jioni hizo ikazaliwa bendi ya Carolina Chocolate Drops, na mwaka 2011 albamu yao ikapata tuzo ya Grammy ya muziki wa asili. Walichofanya majukwaani kilikuwa kazi ya Doc: walilitaja jina la Joe Thompson kila walipokwenda, mbele ya wasikilizaji ambao wengi wao walikuwa hawajawahi kumwona Mweusi ameshika banjo.

Mzunguko huo uligusa hata pwani yetu. Mwaka 2005 huo huo Béla Fleck, bingwa wa banjo mzaliwa wa New York, aliibeba ala yake hadi Uganda, Tanzania, Gambia na Mali, na filamu ya safari hiyo ikapewa jina linalotokana na Bagamoyo. Nchini Tanzania alipiga na Anania Ngoliga, mwimbaji na mpiga marimba ya vidole asiyeona. Usikivu wao unashangaza. Sauti ya banjo hufa haraka, na ya marimba vilevile, kwa hiyo kila mmoja amezoea kujaza nafasi kwa noti nyingi ndogo. Wawili kama hao wanaweza kubanana hadi wimbo ukose pumzi. Ngoliga anaimba, Fleck anapunguza hadi noti moja moja. Marimba ikinyamaza, banjo inaingia ilipoachiwa. Mwaka 2009 Ngoliga na mpiga gitaa John Kitime walizunguka Marekani na Fleck katika kumbi mbalimbali, na wasikilizaji waliokuja kwa ajili ya Mmarekani wakawasikia Watanzania wakiwa wenye zamu.

Zamu ya nani?

Mwaka 2012 North Carolina iliwapoteza wazee wake watatu ndani ya muda wa miezi mitatu na kidogo: Joe Thompson Februari, Earl Scruggs Machi, Doc Watson Mei. Muziki ungeweza kuyumba. Haukuyumba, kwa sababu hakuna hata mmoja kati yao aliyekufa na ujuzi wake kifuani. Billy Strings, kijana wa Michigan anayejaza viwanja vikubwa sasa, alifundishwa na baba yake wa kambo, Terry Barber, ambaye alimlea kwenye nyimbo za Doc; mwaka 2022 alimwita Terry studio wakatoa albamu ya wawili. Molly Tuttle, ambaye naye alianza kwa kufundishwa na baba, mwaka 2017 alikuwa mwanamke wa kwanza kutajwa mpiga gitaa bora na chama cha kimataifa cha bluegrass, katika fani ambayo kwa miongo mingi iliwapa wanawake nafasi ya pembeni. Aprili 2025 Rhiannon Giddens alianzisha tamasha lake mjini Durham, na Carolina Chocolate Drops, waliokuwa wametawanyika miaka mingi, wakapanda tena jukwaani pamoja.

Ndiyo maana orodha ya wasanii wa tamasha inastahili kusomwa kwa makini kuliko tangazo la biashara. Inaonyesha nani amepewa zamu, na ukiijua historia inaonyesha pia nani bado anasubiri. Haney alipanga orodha yake mwaka 1965 akaponya nyoyo za watu kadhaa, ila Arnold Shultz hakumo. Ilichukua miaka 40 kabla ya mkutano wa Boone kuanza kuliziba pengo hilo, na kazi haijaisha. Msanii anayejua alikoitoa sauti yake hamalizi onyesho bila kumtaja mwalimu wake na kumpisha mwanafunzi wake. Tamasha lisilompa nafasi ya kufanya yote mawili limeuza tiketi tu.